Mtu Aliyetuuliza Kila Kitu

Tulimwita Chef, yaani mkubwa, basi. Jina lake lilikuwepo kwenye mlango wa ofisi, kwa herufi za chuma zilizokatwa na mchomeleaji wetu, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mke wake akipiga simu alisema, "Nipe Chef." Alizaliwa wapi, ni wa kabila gani, alisoma kwa mapadri gani, hayo waulize wengine. Mimi nilikaa naye miaka tisa katika atelie moja ya kutengeneza mashine hapa Likasi, kwenye barabara ya kwenda Kamatanda, yeye akiwa mkubwa wa atelie na mimi nikiwa mtunza magazini, yaani chumba cha vifaa. Nilitoa spana, boliti, glavu na sabuni, nikaandika nani kachukua nini na kakirudisha katika hali gani. Ndiyo maana waliniita Mama Magazini, na mpaka leo sokoni wapo wanaoniita hivyo.

Namweleza kwa sababu watu wanamweleza vibaya. Wengine wamemfanya kichekesho. Wengine, kwa sababu ya mguu wa Mwape, wamemfanya mtakatifu, na katika shirika letu la parokia kuna mama mmoja ambaye humtaja katika maombi. Mguu huo nitaufikia. Nina neno langu juu yake ambalo nililimeza kwa miaka, na nikianza nalo mtanichukia kabla hamjamjua yeye.

Chef alikuwa mtu wa kuuliza. Hapo mwanzo hakuwa hivyo, alikuwa mkubwa wa kawaida, akiamua mambo yake na kutuachia lawama zetu. Kisha wakamtuma Lubumbashi kwenye semineri ya siku tatu. Aliondoka na mkoba mtupu, akarudi na mkoba uliojaa karatasi na neno moja jipya, participation, ambalo alilitamka polepole kama mtu anayeonja mchuzi. Asubuhi iliyofuata alitukusanya akatutangazia kwamba kuanzia leo hakuna mkubwa kuamua peke yake. Mfanyakazi atashirikishwa katika kila uamuzi na kila tatizo, kwa sababu anajua mambo ambayo ofisi haiyajui. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa moyo wangu wote, maana mwaka mzima ofisi ilikuwa ikiniletea glavu za mkono wa kushoto tu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama zinafaa.

Basi kila asubuhi, kabla mashine hazijawaka, tukawa na kikao. Chef alikaa kwenye kiti, sisi kwenye mabenchi kwa duara, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mimi nilipewa daftari la PV, yaani kumbukumbu za kikao, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Chef alifungua kwa maneno yaleyale siku zote, kwa Kiswahili chetu cha hapa ambacho minye ni mimi na mweye ni ninyi, nayo nayajua kama Baba Yetu.

"Minye sina na wazo. Mweye njo munajua kazi, minye niko hapa ya kusikia tu. Mais, kama ningekuwa na wazo, ingekuwa hii."

Hapo alilieleza lile wazo ambalo hakuwa nalo, kwa nusu saa, na wakati mwingine kwa mchoro. Kisha alimgeukia mtu wa mlangoni. "Weye unaona namna gani?"

"Minye naona vile Chef alisema."

"Na weye?"

"Minye pia."

Ilizunguka hivyo mpaka dirishani. Nami niliandika: Baada ya majadiliano marefu, wote wamekubali. Baadaye nikawa naandika mstari huo mapema, wakati wa kusubiri watu waketi, ili nipate kuwahi chai.

Tuliulizwa kuhusu rangi ya mlango mkubwa. Jambo hilo lilichukua karibu wiki mbili. Watu walichangamka kweli, maana rangi ya mlango haimfukuzishi mtu kazi. Waliotaka bluu walikuwa wengi, wachache walitaka kahawia kwa sababu ya vumbi. Mimi sikushabikia upande wowote, kwa sababu ndani ya magazini, chini ya meza yangu, zilikuwepo ndoo nne za rangi ya kijani ambazo Chef alizinunua kabla hajatuuliza. Siku ya mwisho alitusikiliza wote kwa uvumilivu, akaandika upande huu bluu na upande huu kahawia, akatazama karatasi yake kwa muda, akasema, "Bon. Naona siye bote tunaenda mu kijani."

Tuliulizwa pia kuhusu umeme. Wakati huo ulikuwa ukikatika kila mara, na Chef alisema kwamba tatizo likijadiliwa na wote litapata dawa. Tulijadili umeme wa bwawa la Koni siku tatu mfululizo, kana kwamba mitambo ya Koni ina masikio. PV ya kikao hicho ninayo kichwani mpaka leo: Wafanyakazi, kwa sauti moja, wamekataa kukatika kwa umeme. Ulikatika tena katikati ya sahihi ya Chef.

Halafu kulikuwa na sanduku la mawazo. Alilichomelea mwenyewe, sanduku la bati lenye tundu juu na kufuli, akalitundika nje ya dirisha la ofisi yake. Mtu akitaka kuweka karatasi ilimbidi asimame mbele ya uso wa Chef, naye Chef alimpungia mkono kwa upole kupitia kioo. Kwa mwezi mzima sanduku lilipata karatasi moja, iliyoomba sabuni. Alipotuuliza kwa nini hatuandiki, mtu mmoja akajitosa, akasema labda sanduku lihamishwe. Chef alifurahi sana kwamba wazo limetoka kwetu. Akalihamishia ndani ya ofisi, juu ya meza yake.

Msinielewe vibaya. Hakuwa mjanja wa kutudanganya. Ningeona ujanja ningekuwa na amani zaidi, maana wajanja tumewazoea. Yeye aliamini. Alikwenda nyumbani akiwa na uhakika kwamba atelie nzima ina fikra moja na kwamba fikra hiyo, kwa bahati nzuri, ni ile aliyokuwa nayo yeye. Aliniambia mara moja, akiwa anasaini karatasi za glavu, "Mama Magazini, unaona vile tunasikilizana hapa? Fasi zingine bantu banagombana."

Nasi tulikuwa tumepata kazi ya pili, ya kumsoma. Akifuta miwani wakati unasema, ujue unapotea njia, geuka upesi. Akisema "très intéressant", yaani inavutia sana, wazo lako limekufa. Akiinamisha kichwa upande wa kushoto, endelea, umegusa penyewe. Papa Kalenga, mchomeleaji wetu mzee ambaye alikuwa amebakiza muda mchache astaafu, aliwafundisha wapya mambo hayo kabla ya kuwafundisha kushika baguette ya kuchomelea. Alikuwa na mkono wa ajabu katika kazi. Ukimwuliza jambo lolote la chuma alikujibu sawasawa, ila si ndani ya duara. Ndani ya duara alikuwa mtu wa "minye pia".

Siku moja wakaja wageni kutoka Lubumbashi kuona jinsi tunavyoshirikishwa, kwa sababu Direkta wetu, aliyekuwa akizisoma PV na kuziona safi, alikuwa amejisifu mahali. Chef alipata wasiwasi kwamba wageni watadhani tunaogopa. Jana yake alimwita Papa Kalenga kando, karibu na dirisha langu la kutolea vifaa, nikasikia kila kitu. "Papa, kesho pa point ya tatu, weye utakataa. Bantu baone kwamba hapa muntu anaweza kukataa." Papa Kalenga akauliza akatae nini. Chef akasema chochote, mradi iwe kwa heshima.

Kesho yake, jambo la tatu likafika, wageni wakiwa na kalamu tayari. Papa Kalenga akasimama, akavua kofia. "Minye nakataa."

"Juu ya nini, Papa?" akauliza mgeni mmoja, mama aliyevaa suti.

"Juu Chef aliniambia nikatae."

Wageni walicheka sana, wakadhani ni utani wa watu wanaopendana. Yule mama aliandika kitu. Chef naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, akafuta miwani mpaka kikao kikaisha.

Niseme na upande mwingine, maana ulikuwepo. Alijua majina ya watoto wetu wote na nani kati yao anaumwa kifua. Mama yangu alipofariki alikuja kwenye matanga siku zote, na wala hakukaa kwenye viti vya wakubwa, alikaa kwenye mkeka na wajomba zangu akiwasikiliza mambo ya mashamba. Hakupata kumtukana mtu. Aliimba kwaya ya parokia kwa sauti iliyokwenda njia yake yenyewe, na mkuu wa kwaya hakuwa na nguvu ya kumwambia. Mishahara ikichelewa alikwenda kwa Direkta mwenyewe kuulizia, akarudi amenywea, akatuambia kwamba Direkta ametuelewa sana. Mbele ya Direkta alikuwa mtu mwingine. Sauti ilishuka, mabega yalishuka, na kila jibu lilianza na ndiyo. Mimi nilimwona hivyo mara nyingi, nikamhurumia, na kusema kweli nilimdharau pia kidogo. Nyumbani kwake sikufika miaka hiyo, ila nilijua kwamba mke wake ndiye anayeamua kila kitu, kwani kila siku kabla ya kutoka kazini alimpigia simu kuuliza apitie wapi na anunue nini.

Sasa mguu wa Mwape.

Mwape alikuwa mtu wetu wa kuinua vitu vizito, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu, mchekeshaji, aliyekuwa akiniita shemeji bila sababu yoyote. Kazi yake ilikuwa kufunga mnyororo, kuinua mota au pampu kwa palan, ile mashine ya mkono inayoning'inia juu kwenye boriti, na kuongoza mzigo ushuke mahali pake.

Ililetwa mota kubwa ya kinu cha kusagia mawe, ya mteja wa huko Kamatanda. Tuliimaliza kuitengeneza Alhamisi jioni. Direkta alitaka itoke Ijumaa asubuhi, iinuliwe ipakiwe kwenye lori. Kwa uzito ule tulikuwa tumezoea kukodi gari la kuinulia, ila gari lenyewe lilikuwa na kazi mahali pengine na lingepatikana Jumatatu. Swali lilikuwa hilo tu: tuinue kwa palan yetu leo, au tungoje gari mpaka Jumatatu na Direkta akasirike.

Palan ilikuwa mbovu. Wiki mbili kabla, Papa Kalenga aliirudisha dirishani kwangu akasema, "Mama, ile frein iko natereza." Breki inateleza, maana yake unaacha mzigo juu, wenyewe unashuka taratibu bila mtu kuugusa. Niliandika kwenye fishi, ile kadi ya kumbukumbu za palan, kwa mwandiko wangu mzuri, nikapeleka nakala ofisini kwa Chef pamoja na karatasi nyingine za vifaa vibovu. Alizisaini zote zikarudi. Vifaa vibovu vilikuwa vingi, tungevingojea vyote vitengenezwe tungefunga atelie. Asubuhi ile Mwape alikuja kuchukua palan, akasaini, nikampa. Nilimpa kwa mkono wangu.

Tukaketi kwa duara. Chef akaeleza swali. Tukangoja "kama ningekuwa na wazo". Haikuja. Miwani ilikuwa usoni, mikono ilikuwa magotini, kichwa kilikuwa katikati. Akasema tu, "Leo nauliza kweli. Munaona namna gani?"

Sijui kama mmewahi kuona watu kumi na wanne wakitafuta kitu kwenye uso wa mtu mmoja. Wa mlangoni alimtazama, akatazama lori lililokwisha kusimama uani, akatazama kule ofisi ya Direkta. Akabahatisha. "Minye naona tunaweza kuinua, Chef."

"Minye pia," akasema wa pili, na tangu hapo ikawa rahisi.

Mwape, ambaye angekuwa chini ya mzigo, alisema, "Kama bote banaona vile, minye niko prêt." Papa Kalenga alikaa akitazama viatu vyake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikasema moyoni, huyu ndiye atasema, breki aliigundua yeye. Akasema, "Batu bote bamesema. Minye nitasema nini?"

Duara likaisha dirishani. Mimi sikuwa na zamu katika duara, sikuwahi kuulizwa hata siku moja. Siku hiyo Chef akanigeukia.

"Na weye, Mama Magazini? Unaona namna gani?"

Fishi ilikuwa kwenye droo, hatua kumi kutoka nilipokaa. Niliiona kichwani, herufi kwa herufi. Nikaona pia lori, na Direkta, na watu kumi na wanne waliokwisha kukubali, nikajiona mimi mwanamke wa sabuni na glavu nikisimama kuwarudisha nyuma wote. Nikasema, "Minye niko naandika tu, Chef."

Nikaandika. Wote wamekubali.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Mota ilipanda vizuri, ikasimama juu, Mwape akaingia kuisogeza iwe sawa na lori, breki ikaachia. Haikuteleza taratibu kama fishi ilivyosema, ilikuja yote. Aliruka, mwili ukapona, mguu wa kulia ukabaki chini ya mota. Tulimbeba kwa mlango wa bati mpaka hospitali, na njia nzima alikuwa akituomba tusimwambie mke wake kwa simu.

Mchana Direkta akaja ateliani, akaomba daftari la PV. Alisoma akiwa amesimama. Nikamwona akipoa. Kwa muda mrefu alikuwa amezipenda PV zangu, na siku ile alizipenda kuliko zote. Akatusomea kwa sauti: wote wamekubali, na Mwape mwenyewe amesema yuko tayari, nani amemlazimisha? Uamuzi ni wa wafanyakazi, kwa hiyo kosa ni la wafanyakazi. Kampuni itamwombea apone, lakini haiwezi kubeba mguu wa mtu aliyejichagulia. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa ile participation ilikuwa na faida gani kwa upande wake.

"Chef, utasaini," akasema Direkta, akampa kalamu.

Chef alikuwa na damu ya Mwape kwenye shati. Alilichukua daftari, akalisoma polepole ukurasa mzima, kisha akanirudishia mimi. Akaongea na mimi, si na Direkta.

"Mama Magazini, hapa uliandika mubaya. Kata hii yote. Andika: Wafanyakazi hawakuulizwa. Chef aliamua yeye mwenyewe, peke yake."

Direkta akamwuliza kama anajua anachosema. Chef hakujibu ndiyo. Aliningoja nimalize kuandika, akasaini. Miaka yote ile aliamua peke yake nasi tukaandika "wote". Siku moja tulipoamua wote, yeye akaandika "peke yake". Nililia mle magazini mpaka jioni, na sikuwa nalia kwa ajili yake tu.

Mwezi haukuisha, akaondolewa kazini. Mwape alitibiwa kwa gharama ya kampuni, mguu ukakatwa chini ya goti, akapewa kazi ya lango na mshahara wake ukabaki. Bila ile PV angerudishwa nyumbani na mkongojo na sala. Papa Kalenga alistaafu mapema. Mkubwa mpya wa atelie hakuuliza mtu chochote, na kusema kweli kazi zilikwenda upesi zaidi. Ndipo watu wakaanza kumkumbuka Chef kwa machozi, na ule utakatifu ukaanza kukua. Ulikua mpaka Mwape mwenyewe akatundika picha ya Chef ndani ya kibanda cha lango. Mimi nilipita mbele ya picha hiyo kila asubuhi nikiwa na fishi moyoni.

Kiangazi kilichopita nilikwenda mtaa wa Panda kununua samaki wa ziwa la Tshangalele, wale wakavu, kwa mama mmoja niliyeelekezwa. Nikakuta ni mke wake. Chef alikuwa nyuma ya nyumba, miguu peku, akigeuza samaki juu ya bati. Amezeeka upesi, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Mke wake alimwita, "Weye, leta ile ya juu, apana ya chini," naye akaleta ya juu. Aliponitambua alifurahi sana, akaniuliza habari za watoto wangu, mmojammoja, kwa majina. Tulikaa kwenye viti viwili vya plastiki.

Nilikuwa sijapanga kusema. Lakini alivyomtaja mtoto wangu anayeumwa kifua, nikashindwa.

"Chef, minye nilijua ile palan. Frein ilikuwa natereza, niliandika mu fishi. Uliniuliza, nikasema niko naandika tu."

Nilitegemea anishangae, au anisamehe, ambayo ingekuwa mbaya zaidi. Alichukua samaki mmoja akaanza kumtoa magamba yaliyokuwa yamekwisha kutoka.

"Ile fishi nilisoma," akasema. "Karatasi zako zote nilikuwa nasomaka. Minye pia nilijua."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alituuliza.

"Direkta alikwisha kuniambia asubuhi kwamba mota itoke. Sikukuwa na nguvu ya kumukatalia minye peke yangu. Nikasema, nitabauliza batu. Mumoja akisema hapana, nitaenda kwa Direkta, nitasema, batu banakataa. Mumoja tu. Nilibangojea bote mpaka dirishani, nikakungojea na weye." Akamweka samaki chini. "Njo maana ile PV haikukuwa bongo, haikukuwa uongo, Mama. Ni ile moja tu iko ya kweli mu daftari yote. Minye njo niliamua."

Mke wake alikuwa akimhudumia mteja mwingine mbele ya nyumba. Nilihesabu moyoni: Papa Kalenga alijua, mimi nilijua, yeye alijua. Watatu katika chumba kimoja, na mtu aliyekwenda kusimama chini ya mota ndiye ambaye hakuambiwa. Hasira ikanipanda, kwake na kwangu, hasira ambayo ingetufaa asubuhi ile.

"Mwape anajua?" nikauliza.

"Hapana. Alikuya hapa Pasaka na batoto, aliniletea kuku." Alishindwa kuniangalia. "Unaona namna gani, Mama? Tumwambie? Ao tuache vile? Iko na amani yake sasa. Weye unaona namna gani?"

Nilimtazama. Alikuwa ananiuliza kweli, na uso wake haukuwa na dalili yoyote ya kunisaidia. Ilikuwa Jumapili, Mwape hakuwa na zamu langoni, naye anakaa Kikula, kwa miguu si mbali. Nikasimama, nikafunga samaki wangu kwenye kitambaa.

"Chef," nikamwambia, "vaa viatu."

Akauliza kama ni sasa hivi. Nikasema sasa hivi, na mimi nitaanza kusema, yeye atamalizia. Akatazama upande wa mke wake, akafungua mdomo kumwita amwulize. Kisha akaufunga, akainama akatafuta viatu chini ya kiti.